Taasisi Isikue Kupita Macho Yake

Katika mitaa na vijiji vingi vya Tanzania, Kenya na Uganda, kila wiki watu ishirini na kitu, wengi wao wanawake, hukusanyika kuzunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kwetu wapo wanaokiita kikundi chao VICOBA, wapo wanaosema kikundi cha hisa, na majirani zetu wa Kenya husema chama. Utaratibu wa kuweka na kukopa kwa sanduku la namna hii ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, kisha ukasambaa hadi Afrika Mashariki. Vikundi hivi husifiwa kwa sababu ya fedha: mtaji wa genge, ada ya shule, bati za nyumba. Ni sifa za haki. Hata hivyo ndani yake mna fundisho lingine, ambalo viongozi wa vyama, shule, kampuni ndogo na mashirika ya kijamii wangenufaika nalo kuliko hata hizo fedha: namna taasisi inavyoweza kukua bila kujiangamiza.

Tuutazame mkutano wenyewe kwa karibu, maana siri yote imo katika mambo madogo. Wanachama huketi kwa kufuata namba zao. Watu watatu wenye funguo, kila mmoja na ufunguo wa kufuli yake, hufungua sanduku. Hakuna hata mmoja wao anayelala nalo nyumbani, kwa kuwa mtunza sanduku ni mtu mwingine kabisa. Kabla fedha hazijaguswa, wanachama hutaja salio la mkutano uliopita kutoka kichwani, na wahesabu fedha wawili huhesabu mbele ya wote kulithibitisha. Kisha kila mwanachama huitwa kwa namba yake, hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na hisa hizo hupigwa muhuri kwenye kitabu chake. Nafasi zilizobaki wazi hukatwa kwa mstari, mtu asije akaongeza muhuri baadaye. Anayetaka mkopo husema mbele ya wenzake anataka kiasi gani na ni cha kazi gani, na kwa kawaida hapewi zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Aliyechelewa hulipa faini ndogo iliyoandikwa kwenye katiba. Mwishoni salio jipya hutangazwa, watu hulishika, na vitabu vyote vya wanachama hufungiwa sandukuni pamoja na fedha, visiguswe na mtu hadi mkutano unaofuata.

Karibu kila hatua ya mkutano huo ina kazi moja: kuhakikisha hakuna jambo la pamoja linalofanyika mahali ambapo jicho la mwingine halifiki. Mwanachama asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake. Mwenyekiti hawezi kujikopesha kimyakimya, kwa sababu ombi la mkopo linasemwa hadharani. Katibu hawezi kurekebisha kitabu usiku, kwa sababu kitabu kimo sandukuni na funguo zimetawanyika kwenye nyumba tatu. Hoja yangu inatoka hapo. Taasisi inapokua, kitu cha kwanza inachopoteza ni macho, na taasisi inayokua kabla haijapata macho mengine ya kuziba pengo hilo inaandaa anguko lake yenyewe. Wafanyakazi, magari na ofisi vinaweza kuongezeka huku macho yakipungua, na kwa miaka kadhaa hakuna atakayeona tofauti, mpaka siku hesabu zitakapogoma.

Wapo watakaosema kufuli tatu ni dalili ya kutoaminiana, na kwamba watu wanaopendana hawapaswi kuchungana. Hoja hii husikika sana katika vyama vya ukoo, vikundi vya dini na kampuni za familia, ambako kumwomba mhazini risiti huonekana kama kumvunjia heshima. Lakini mfikirie huyo mhazini mwenyewe, mtu mwaminifu anayekaa peke yake na fedha za watu mia moja. Siku fedha zikipungua, hata kwa kosa dogo la kujumlisha, hana shahidi. Uaminifu wake wa miaka mingi hautamsaidia kitu, kwa kuwa haukuwahi kufanyika mbele ya mtu. Funguo tatu humkinga mhazini wa namna hii kabla hazijamzuia mwizi yeyote. Tena humwondolea jaribu: mtoto akiugua usiku wa manane na fedha za kikundi zimo kabatini, hata mtu mwema atasema nitazirudisha kesho. Undugu mwingi umevunjikia hapo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuweka utaratibu wa kukaguana siku ile ile mnayoanza, wakati bado mnapendana na hakuna anayeshukiwa. Mkisubiri hadi mashaka yaanze, kila swali litasikika kama shutuma, na mwenye kuuliza ataonekana mchochezi.

Sasa tuone macho yanavyopotea. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi anajua mifuko ya saruji iliyobaki kwa kuchungulia stoo tu. Akifungua duka la pili katika mji mwingine, atalikagua mara moja moja. Akifungua la tatu, atakuwa anategemea anachoambiwa kwa simu. Shirika la kijamii hupita njia hiyo hiyo. Marafiki watano walioanza katika chumba kimoja walijua kila shilingi ilikokwenda, kwa sababu waliongea humo humo ndani. Anakuja mfadhili, wanaajiriwa watu thelathini, kazi inatawanyika wilaya nne, na ili kudhibiti mambo inaamuliwa kwamba kila malipo yasainiwe na mkurugenzi. Wote wanapumua, wakiamini kwamba huo ndio udhibiti. Kumbe kukusanya saini zote kwa mtu mmoja ni kurudi kwenye kufuli moja. Mkurugenzi akisafiri, kazi inasimama; akiugua, mishahara inachelewa; akikosea, hakuna wa kumwambia. Mambo yakiharibika, wajumbe hulaumu tabia ya mtu, wanamwondoa, wanaleta mwingine, na baada ya muda wanajikuta pale pale, kwa kuwa walibadilisha mkono ulioshika ufunguo, ufunguo wenyewe ukaendelea kuwa mmoja.

Historia ya ushirika nchini Tanzania inaonyesha jambo hili kwa upana wa nchi nzima. KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kiliundwa mwaka 1933 juu ya vyama vidogo vya vijijini. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, akasimama mbele ya mizani, ikapimwa na mtu anayemfahamu na anayeweza kumwuliza mkutanoni. Baada ya uhuru ushirika ulipanuliwa kwa kasi hadi sehemu ambazo wakulima hawakuwa wameuzoea, malalamiko ya ubadhirifu yakazidi, na mwaka 1966 serikali ikaunda kamati maalumu ya kuuchunguza. Mwaka 1976 vyama vikuu vilifutwa, na mamlaka za mazao zikawa zinanunua mazao moja kwa moja vijijini. Mkulima aliyekuwa mwenye chama akabaki muuzaji tu, na mtu wa kuulizwa akahamia mbali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama hivyo, na ile ya mwaka 1991 ikasisitiza kuwa ushirika ni wa hiari na ni mali ya wanachama wenyewe. Yapo mengi yaliyochangia misukosuko hiyo, zikiwamo bei za soko la dunia na siasa za wakati ule. Lakini uzi mmoja unapita kote: kila hatua iliyoipeleka hesabu mbali na mizani ya kijijini iliudhoofisha ushirika, hata pale nia ilipokuwa njema, na sheria pekee haikutosha kumrudishia mwanachama mazoea ya kuuliza.

Elinor Ostrom, mwanazuoni wa Marekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi jamii zinazotumia kwa pamoja misitu, malisho, uvuvi na maji ya umwagiliaji. Alikuta kwamba zile zilizodumu zilikuwa na mambo yanayofanana. Inajulikana wazi nani mwanachama na nani siye. Wanaofuata kanuni wana sauti ya kuzibadili. Wanaosimamia ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Na adhabu huanza ndogo, zikapanda kadiri kosa linavyorudiwa. Vikundi vyetu vya sanduku vinayafuata haya yote, na ningependa msomaji alitilie mkazo hilo la mwisho, kwa kuwa maofisini hudharauliwa. Kiongozi huvumilia makosa madogo mara kumi bila kusema neno, kisha siku ya kumi na moja hupandwa na hasira akamfukuza mtu, na waliobaki hawajifunzi chochote isipokuwa kuogopa. Faini ndogo ya mchelewaji, inayolipwa papo hapo na mwenyekiti sawasawa na mwanachama wa jana, hufundisha kwa upole kwamba kanuni ina macho na haichagui sura.

Atakayesema kwamba haya yanawezekana kwa watu thelathini tu ana hoja ya kusikilizwa. Chama cha watu elfu mbili hakiwezi kukaa duara kikahesabu noti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 nchini Tanzania inautambua ukweli huo: vikundi vya kijamii imeviweka daraja la nne na vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) daraja la tatu, kila daraja na masharti yake. Kikundi kinapopanda kuwa SACCOS, mwanachama haoni tena fedha zikihesabiwa. Pahala pa macho yake huja bodi, kamati ya usimamizi, mkaguzi wa hesabu na mkutano mkuu wa mwaka. Hayo ni macho ya kuazima, na huleta faida ikiwa tu yanaona kweli. Taarifa ya fedha yenye kurasa arobaini ikigawiwa asubuhi ya mkutano mkuu, na wajumbe wakaipigia makofi kabla ya chakula cha mchana, mkutano umefanyika lakini hakuna aliyeona kitu. Ipelekeni wiki mbili kabla. Juu yake wekeni ukurasa mmoja unaojibu maswali ya mtu wa kawaida: tulianza na kiasi gani, kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, kimebaki nini, nani hajarejesha mkopo kwa wakati, na wajumbe wa bodi wenyewe wamekopa kiasi gani. Kamati ya usimamizi nayo isipendekezwe na wale inaotakiwa kuwasimamia, wala isipewe posho kwa hisani yao.

Njia nyingine ya kukua bila kupoteza macho ni kuzaa badala ya kunenepa. Kikundi cha VICOBA chenye watu thelathini hugawanyika ndani yake katika vikundi vya watu watano watano wanaodhaminiana, kwa sababu watano hujuana kuliko thelathini. Waombaji wapya wakizidi, wanachama wazoefu wanaweza kuwasaidia waanzishe kikundi chao, chenye sanduku lao na katiba yao, badala ya kuwaingiza wote humo humo. Taasisi yoyote inaweza kuiga hilo. Idara, tawi au mradi uwe na ukubwa ambao watu wake wanaijua kazi ya kila mwenzao, uwe na bajeti yake inayojulikana na wote waliomo, na hesabu yake isomwe kila mwezi mbele ya hao hao. Makao makuu yabaki na kazi ya kulinganisha, kufundisha na kukagua. Shule yenye walimu sitini itaona mengi zaidi ikiwa walimu wa kila somo wanakaa na mpango wao, matokeo yao na fungu lao la vifaa, kuliko ikiwa kila boksi la chaki linaombwa kwa mkuu wa shule.

Kwa msomaji anayeongoza chama au kampuni inayotaka kupanuka mwaka huu, ningeshauri kazi hii kabla ya kutafuta jengo jipya. Andikeni maamuzi yote yanayohusu fedha, ajira, manunuzi na mali, kisha mbele ya kila moja andikeni majina ya watu wanaoliona likifanyika. Pale penye jina moja tu, hapo ndipo penye ufa, na ndipo pa kuanzia. Tenganisheni anayetunza na anayeidhinisha, na anayeidhinisha na anayeandika, kama vile mtunza sanduku asivyokuwa na ufunguo. Angalieni pia kwamba jicho la pili haliko chini ya lile la kwanza, maana karani anayeajiriwa na kufukuzwa na meneja hawezi kumkagua meneja huyo, hata mkimpa cheo cha mkaguzi. Jiwekeeni desturi ya kutaja salio: kila mkutano wa wafanyakazi au wanachama uanze kwa mtu ambaye si kiongozi kueleza mkutano uliopita uliamua nini, nani alipewa kazi gani, na imefikia wapi. Dakika tano zinatosha, na zitaokoa miezi ya kukumbushana.

Wengine watasema teknolojia imeshalimaliza tatizo hili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na leo vikundi vingi vinaweka fedha zao kwenye simu, kwa sababu ya haki kabisa: sanduku linaweza kuibwa, na mtunza sanduku anaweza kuvamiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na simu ni daftari zuri lisilosahau. Lakini simu yenye namba ya siri inayojulikana na mhazini peke yake ni kufuli moja tena, hata kama kumbukumbu zake ni kamili. Na daftari lisilosomwa na mtu halimlindi yeyote; ujumbe wa malipo unaofika kwenye simu ya kiongozi na kuishia hapo haujaongeza jicho hata moja. Chagueni huduma inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja kabla fedha hazijatoka na inayompelekea kila mwanachama taarifa, kisha muendelee kukutana na kuisoma taarifa hiyo kwa sauti. Hivyo hivyo kwa ofisi inayonunua programu ya uhasibu: kabla ya kuuliza inagharimu kiasi gani, ulizeni nani atakuwa anaifungua kila Ijumaa, na atamweleza nani alichokiona.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Macho mengi huchelewesha, na fursa haisubiri kikao. Ni kweli utaratibu hugharimu saa, na taasisi inaweza kukwama katika vikao vya kuamua vikao. Dawa yake ni kupanga ukubwa wa macho ulingane na ukubwa wa jambo: matumizi madogo yaachiwe mhusika na yasomwe baadaye, ya kati yahitaji watu wawili, na yale yanayoweza kuitikisa taasisi yapite kwa wengi. Wekeni viwango hivyo kwa tarakimu, kwenye maandishi, wakati hakuna fursa yoyote mezani, kwa kuwa fursa ikishakuja kila mtu huona kiwango chake ni kidogo. Tena pimeni haraka hiyo inaelekea wapi. Shughuli nyingi zilizoharibika kwa kukosa ukaguzi zilikwenda mbio sana mwanzoni, na muda zilioupata kwa kuruka hatua zilikuja kuulipa katika kesi, madeni na kuanza upya.

Ipo pia desturi ya vikundi hivi inayowashangaza watu wa ofisi, nayo ni kuvunja. Kila baada ya miezi 9 hadi 12 mikopo yote hurejeshwa, fedha zote hugawanywa kulingana na hisa za kila mtu, na wanaotaka huanza mzunguko mpya. Mpenda maendeleo atauliza: huku si kubomoa unachojenga? Nakubali kwamba kuvunja kuna gharama. Kikundi kinachogawana kila mwaka hakiwezi kukopesha kwa miaka mitatu, wala kununua mashine ya kukoboa, na anayetaka makubwa hayo atafute daraja la juu. Lakini mgawo wa mwisho wa mwaka ni ukaguzi usioweza kudanganywa, kwa sababu kila mtu anashika chake mkononi. Asiyeridhika anaondoka bila ugomvi, kiongozi aliyechoka anapumzika bila aibu, na katiba inarekebishwa kabla ya mzunguko mpya. Taasisi ya kudumu haiwezi kugawana mali zake kila Desemba, ila inaweza kujiwekea mwisho wa mzunguko: siku ambayo mali zote zinahesabiwa kwa mkono, madaraka yote yanafikia ukomo, na kila mradi unapaswa kujieleza kwa nini uendelee. Kinachoendelea kwa sababu tu kilikuwapo jana hakina mtu anayekiangalia.

Basi kabla ya kuidhinisha tawi jipya, fanya jaribio moja. Chagua mwanachama au mfanyakazi wa kawaida, asiye kwenye kamati yoyote, umuulize maswali matatu: tuna kiasi gani, nani aliamua jambo kubwa la mwisho tulilofanya, na wewe ukiona kasoro utamwambia nani bila kuogopa. Akijibu yote matatu, pigeni hatua bila wasiwasi, kwa kuwa mtakwenda na macho yenu. Akishindwa, ahirisheni tawi hilo, na mwaka huu fedha na nguvu mlizolitengea zitumieni kuhakikisha kwamba mwakani ataweza kujibu.